Uzi maalumu: Wood Brothers, ndugu watano wa Virginia na timu yao ya mbio tangu 1950

Spana17 (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu nauleta kwa sababu ya ule mjadala wa wiki iliyopita, pale wengi mliposema biashara ya ndugu haivuki kizazi cha pili. Siku ile sikuchangia. Mimi mwenyewe nimelelewa gereji. Baba alituachia wana watatu, na miaka minne baada ya kumzika kila mmoja alishabeba jeki yake na kwenda kufungua kwake. Kwa hiyo habari za familia hii nimezifuatilia kwa miaka mingi, na siyo kwa sababu ya mbio peke yake.

Timu inaitwa Wood Brothers Racing. Ni ya familia ya Wood kutoka Stuart, mji mdogo wa kaunti ya Patrick, jimbo la Virginia, Marekani. Imeanza 1950 na haijawahi kufa. Ndiyo timu kongwe kuliko zote zinazokimbia NASCAR leo.

Kwa wasioifuatilia: NASCAR ni mbio za magari ya stoki, yaani zamani ilikuwa gari lile lile la dukani. Unang'oa viti, unafunga vyuma vya kumlinda dereva, mnakimbizana kwenye njia ya duara. Siku hizi ndani ni mashine nyingine kabisa, umbo tu ndilo linafanana na Mustang au Camry. Chini ya ligi kuu kuna ligi ndogo, na tangu 1995 ipo pia ya pikapu. Familia hii imepita huko kote, nitafika.

Spana17

Tuanze.

Baba yao, Walter Wood, alikuwa mkulima anayejua pia kutengeneza mashine. Wana walikuwa watano: Glen, Leonard, Delano, Clay na Ray Lee. Glen, aliyezaliwa 1925, alikuwa na mashine ya kupasua mbao. Milima ile ndiko pombe ya magendo ilikopikwa, na madereva wengi wa mwanzo walijifunza kukimbiza gari wakiwakwepa askari. Glen hakutoka huko, yeye alikuwa mtu wa magogo. Aliyemtia hamu alikuwa Curtis Turner, mkata magogo mwenzake wa kaunti ya jirani, ambaye Jumapili alikuwa akiliendesha gari kama mtu aliyepandwa na jini. Glen akamtazama, akasema hata mimi naweza.

Mwaka 1950 yeye na rafiki yake wakanunua Ford ya 1938 kwa dola 50. Gereji hawakuwa nayo. Injini waliining'iniza kwenye tawi la mti mkubwa nyumbani kwao, kwa mnyororo. Nadhani kila fundi humu anaijua picha hiyo. Mimi nimeshusha injini za Corolla chini ya mwembe miaka sita, najua tawi linavyolia mnyororo ukikaza.

Mbio za kwanza kabisa, kwenye kiwanja kidogo karibu na Martinsville, wakagongwa kwa nyuma na difu ikapinda. Wakalifunga gari nyuma ya jingine walivute nyumbani. Njiani ekseli ikakatika, petroli ikamwagika, gari likashika moto pale pale barabarani. Huo ndio mwanzo wao. Wakarudi nyumbani wakaanza upya.

Nyundo ya Kijiweni

Mkuu endelea, niko siti ya mbele. Ila hapo kwenye moto, wengi wetu tungeuza vyuma chakavu, habari ikaisha.

Spana17

Na wao fedha za kuchezea hawakuwa nazo, mkuu. Mchana wanapasua mbao, jioni gari.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi nalihesabu kubwa kuliko vikombe vyote. Glen alikuwa dereva mzuri kweli. Ligi kuu alikimbia mara 62 akashinda 4, zote kwenye uwanja mmoja, Bowman Gray, mjini Winston-Salem. Ule ni uwanja wa mpira uliozungushiwa njia ya mita kama 400, kona haziishi, unapumulia mabegani mwa mwenzako. Mwaka 1998 NASCAR ilipotaja madereva wake 50 bora wa nusu karne, Glen alikuwemo. Lakini katikati ya miaka ya sitini alishuka kwenye usukani kwa hiari yake, gari akawapa wengine. Gari lilikuwa lake, jina lilikuwa lake, na bado akasema kazi yangu iwe kuongoza timu.

Mdogo wake Leonard, aliyezaliwa 1934, akawa fundi mkuu. Huyu ndiye kichwa. Akiwa kijana mdogo alijitengenezea kigari na kukifunga injini ya mashine ya kufulia nguo. Delano alishika jeki. Kila mmoja na nafasi yake, na sijaona popote kwamba waligombea kiti.

Kwetu sisi ndugu watatu kila mmoja alitaka kuwa fundi mkuu. Hakukuwa na wa kushika jeki.

Mama Leja

Kaka Spana, pole na hayo ya gereji. Mimi nafanya kazi ya hesabu kwenye biashara ya familia, na nakwambia ugomvi huwa hauanzii kwenye kazi, unaanzia kwenye pesa. Hao ndugu pesa walikuwa wanaipata wapi? Mbio si zinakula tu?

Spana17

Swali zuri dada. Mbio zinakula kuliko mtoto wa shule. Wao tangu mwanzo walishikamana na Ford, na Ford ikashikamana nao. Tangu ile ya dola 50 mpaka leo hawajawahi kuhamia kampuni nyingine. Mercury waliyotumia sana miaka ya sabini nayo ilikuwa ya Ford. Halafu walichagua mbio. Badala ya kuzunguka nchi nzima kila wiki, miaka ile walikwenda zaidi kwenye viwanja vikubwa ambako zawadi ni nono. Ndiyo maana wana ushindi zaidi ya 100 lakini hakuna dereva wao aliyewahi kuwa bingwa wa msimu, kwa kuwa pointi ni za anayehudhuria kote. Ubingwa walionao ni wa wamiliki, 1963.

Na huo mwaka 1963 una kisa chake.

Dereva wao alikuwa Marvin Panch. Siku kumi kabla ya Daytona 500, ambayo ndiyo mbio kubwa kuliko zote kwao, maili 500, kama kilomita 800, Panch alikuwa akijaribu gari jingine la Maserati pale pale Daytona. Likapinduka na kuwaka moto naye yumo ndani. Watu kadhaa wakakimbilia kumtoa, mmoja wao Tiny Lund, jitu la miraba minne ambalo wakati huo lilikuwa halina gari la kuendesha. Wakamtoa. Panch akiwa amelazwa na majeraha ya moto akawaomba akina Wood: gari langu mpeni Lund.

Wakampa, na Lund akashinda. Tena alimaliza kilomita 800 bila kubadili tairi hata moja, kwa sababu Leonard alipiga hesabu ya mafuta na tairi vizuri kuliko wengine. Baadaye Lund akapewa medali ya Carnegie ya ushujaa. Nikisimulia kisa hiki kwa vijana gereji huwa naona wanaacha kufungua nati.

Babu Gia

Mwanangu Spana, mimi nimekaa na magari tangu enzi za Peugeot 404. Hapo kwenye kubadili tairi ndipo nataka unifafanulie. Nimewahi kusikia hao ndio waliowafundisha watu kubadili tairi kwa sekunde. Ni kweli au maneno ya mashabiki?

Spana17

Shikamoo babu. Ni kweli, na hapa naomba mnivumilie nikae kidogo, maana ndiyo sehemu ninayoipenda.

Miaka ya hamsini gari likiingia kupata huduma katikati ya mbio, ilikuwa kama likiingia kwetu: fundi anachukua spana, anainama, mwingine anatafuta jeki. Dakika nzima inapita na hakuna aliyeona ubaya. Leonard ndiye aliyekaa akajiuliza, sekunde moja tuliyopoteza hapa, dereva atairudishaje kule njiani? Gari linalokwenda kilomita 240 kwa saa linakula zaidi ya mita 60 kwa sekunde moja. Ukichelewesha nati tano kwa sekunde kumi mwenzako amekuacha mita 600, na hakuna dereva wa kuzirudisha kwa urahisi.

Basi wakaanza kupunguza. Jeki wakaifanyia kazi iwe nyepesi na iinue gari kwa pampu chache. Kila mtu akajua anaanza na mguu gani, anapita upande gani wa gari, tairi anaipokea kwa mkono upi. Wakafanya mazoezi nyumbani kama wacheza ngoma, mpaka wenzao wakawa wanaacha kazi zao kuwatazama.

Mwaka 1965 Ford ikawaita Indianapolis 500. Hiyo ni ligi nyingine kabisa, vigari vyembamba vya wazi, siyo magari ya stoki. Dereva alikuwa Jim Clark wa Scotland, gari Lotus ya Colin Chapman yenye injini ya Ford. Mwaka mmoja kabla yake madereva wawili, Eddie Sachs na Dave MacDonald, walikufa pale kwenye moto mkubwa, kwa hiyo kanuni zikabadilishwa: mafuta yasisukumwe kwa presha, yashuke yenyewe kutoka kwenye tangi la juu, na kila gari lisimame angalau mara mbili.

Wageni wale kutoka milimani hawakuwahi kuligusa gari la namna ile. Wakaanza na kile wanachokijua. Wakakagua kila kiungo cha bomba, kila mdomo unaoingia kwenye tangi, na penye ukwaru wakapalainisha mpaka bomba likawa linaingia lenyewe bila kubishana. Jaribuni wenyewe: mimina maji kwa faneli yenye kingo zilizojikunja, halafu mimina kwa faneli laini. Mafuta nayo ni hivyo hivyo. Siku ya mbio, Mei 31, mara zote mbili gari liliposimama kwa jumla hazikufika sekunde 45. Clark aliongoza mizunguko 190 kati ya 200.

Ford iliwaita kuhudumia gari linaposimama tu, na dunia nzima ya mbio ikaanza kuwaiga.

Mdau wa Naivasha

Sasa wadau, mimi niko Kenya na hizi mbio zetu za Safari Rally huwa sikosi. Nikisoma hapa naona tofauti, sisi gari linasimama kwa service, mafundi wako na dakika zao za kuhesabu, lakini wanafungua hadi gearbox. Hao wa NASCAR wako na sekunde tu. Lakini fundi ni fundi. Nauliza, nani alikuwa dereva wao mkali zaidi?

Spana17

Karibu sana jirani. David Pearson, bila ubishi. Kati ya 1972 na 1979 aliwashindia mbio 43. Mwaka 1973 walikwenda mbio 18 tu wakashinda 11. Hiyo haielezeki.

Mimi huwa narudia Daytona 500 ya 1976. Mzunguko wa mwisho, Pearson na Richard Petty, wafalme wawili, wanakuja kona ya mwisho bega kwa bega. Wakagusana. Wote wawili ukutani, magari yakazunguka, vyuma vikaruka. Petty akasimama kwenye majani, mstari wa kumalizia anauona pale mbele, injini imezima na haiwaki. Pearson gari limepondeka pua, lakini wakati linazunguka alikanyaga klachi ili injini isizime. Katikati ya mzinga wa namna ile, mguu wake ulikumbuka klachi! Kwenye redio anauliza Petty yuko wapi, na aliyekuwa akimsikiliza upande wa pili ni Eddie Wood, mtoto wa Glen. Akaingiza gia, akakokota lile kopo kwa mwendo wa baiskeli, akavuka mstari. Akashinda.

Waliachana 1979 kule Darlington, na ilikuwa aibu. Alisimama kubadili tairi, yeye akidhani ni mbili za kulia, mafundi wakidhani ni nne. Akaondoka, nati za kushoto zimeshalegezwa. Tairi zikachomoka kabla hajatoka kwenye njia ya huduma. Timu iliyofundisha dunia kubadili tairi, ikaaibika kwa tairi. Muda mfupi baadaye wakatengana. Lakini hawakuwa maadui, na mpaka uzeeni walikuwa wakisimuliana habari hiyo pamoja.

Mama Leja

Na kizazi cha pili? Maana hapo ndipo wengi tunapofia.

Spana17

Dada, unanivuta pale pale nilipotaka kufika.

Glen aliwaachia wanawe: Eddie, Len na binti yake Kim. Wakawa wamiliki pamoja. Bahati mbaya walipokea wakati mbio zinabadilika. Miaka ya themanini na tisini walikuwa bado wazuri. Kyle Petty, mtoto wa yule yule Richard, aliwashindia maili 600 za Charlotte mwaka 1987, na Dale Jarrett alipata kwao ushindi wake wa kwanza wa ligi kuu, Michigan 1991, kwa tofauti ya inchi chache. Lakini zikaja timu zenye magari matatu, manne, mainjinia na mitambo ya kupima upepo unavyolipita gari. Akina Wood walikuwa na gari moja, namba 21. Baada ya Elliott Sadler kushinda Bristol mwaka 2001, pakawa kimya miaka kumi.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wakaihamisha timu kutoka Stuart kwenda North Carolina, karibu na timu nyingine. Mwaka 2006 wakaungana na kampuni nyingine, wakawa Wood Brothers/JTG, wakaingiza magari kwenye ligi ndogo na pikapu mbili kwenye ligi ya pikapu. Moja aliiendesha Marcos Ambrose, aliyekuwa ametoka kuwa bingwa wa Australia mara mbili. Hata Jon Wood, mtoto wa Eddie, alikuwa dereva wa pikapu, ingawa mara mbili alizoshinda 2003 alikuwa kwenye timu nyingine, ya Roush. Muungano haukudumu. Kila mmoja akashika njia yake, pikapu zikaondoka.

Mwaka 2009 wakafanya uamuzi ambao mimi na kaka zangu tulishindwa kuufanya. Fedha za msimu mzima hazipo? Basi tusijifanye tunazo. Wakachagua mbio chache kwa mwaka, zile wanazoweza kwenda na gari lililotengenezwa vizuri, Bill Elliott mkongwe akiwaendeshea. Wengi walisema wamekwisha. Sisi mambo yalipokuwa magumu tulikopa, tukaongeza mafundi, tukapaka rangi ukuta. Aliyetukopesha ndiye aliyefunga mlango.

Nyundo ya Kijiweni

Pole kaka. Hii ya kupaka rangi ukuta imenigusa, nimeiona kwa mjomba wangu.

Spana17

Asante mkuu.

Nimalizie 2011. Bado wakiwa wa mbio chache wakaenda Daytona na kijana anaitwa Trevor Bayne. Jumamosi alitimiza miaka 20. Jumapili, Februari 20, ilikuwa mbio yake ya pili tu ya ligi kuu. Gari limepakwa nyeupe na nyekundu kama lile la Pearson wa 1976. Na yule mtoto akashinda Daytona 500, mdogo kuliko mshindi yeyote kabla yake. Hata njia ya kwenda kwenye jukwaa la washindi aliipita, ikabidi aelekezwe. Glen, miaka 85, alikuwepo. Leonard naye alikuwepo. Hiyo ilikuwa Daytona 500 ya tano kwa familia, kwa madereva watano tofauti: Lund, Cale Yarborough 1968, A.J. Foyt 1972, Pearson, na Bayne. Zawadi ilizidi dola milioni 1.4, kwa timu iliyokuwa haina uhakika wa kukimbia mwaka mzima.

Msimu mzima walirudi 2016, wakisaidiwa kiufundi na timu ya Penske, ambayo nayo ni ya Ford. Ryan Blaney akawapa ushindi wa 99, Pocono, Juni 2017. Ukabaki mmoja.

Glen akafariki Januari 2019, miaka 93, wa 100 hajauona.

Babu Gia

Mungu amrehemu. Huo wa 100 ulikuja?

Spana17

Ulikuja babu, miaka saba baada ya ule wa 99. Agosti 24, 2024, Daytona tena, usiku. Dereva Harrison Burton, ambaye mwezi Julai alikwishaambiwa mwakani kiti si chake. Msimu wote gari lilikuwa nyuma kabisa ya msimamo. Akaingia mzunguko wa mwisho na Kyle Busch, mmoja wa wakali wa zama hizi, na akamzuia mpaka mstarini. Baba yake, Jeff Burton, dereva wa zamani, alikuwa mtangazaji wa televisheni ya mbio hiyo hiyo. Ukisikiliza sauti yake utaelewa.

Machi 2025 aliyechukua kiti kile, Josh Berry, akashinda Las Vegas. Wa 101. Ulikuwa ushindi wake wa kwanza ligi kuu, kama Burton, kama Blaney, kama Bayne, kama Jarrett, kama Lund.

Sasa uendeshaji uko kwa kizazi cha tatu: Jon, yule yule wa pikapu, ndiye rais wa timu.

Mdau wa Naivasha

Na yule Leonard wa engine ya washing machine?

Spana17

Stuart, jirani. Gereji yao ya zamani wameigeuza jumba la makumbusho, na kile kigari alichokitengeneza utotoni kipo humo. Amevuka miaka 90. Ana karakana yake hapo hapo, na wageni wanaokwenda humkuta kwenye mashine akichonga vyuma. Mtu akiuliza swali anazima mashine, anaanza kueleza.

Kaka yangu mkubwa ameusoma uzi huu jana. Kanitumia ujumbe anauliza ile jeki ya mzee, ya tani tatu, ninayo bado. Ninayo.